Kisutu cha Bi Mwanamkuu

Sogeeni karibu, na mwenye simu mkononi aiweke chini kwanza, maana kisa hiki kimetokea humohumo.

Palikuwa na mashoga watatu mjini Tanga, wakisukana nywele kila Jumapili barazani kwa Mwanahawa. Zamda alikuwa na jicho: kitambaa akikiona mara moja hakisahau. Mwatumu alikuwa na sikio: angekwambia ni mlango wa nani uliolia mtaa wa pili. Na Mwanahawa mwenyewe alikuwa na moyo. Akipenda, kapenda; akisema naenda, kaenda.

Moyo huo alimpa Injinia Karama. Walijuana kwenye mtandao wa kutafuta wachumba. Alisema yuko Mtwara kwenye gesi, kafiwa na mke, anatafuta wa kuzeeka naye. Kila siku alituma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe, jamani, ingemtoa nyoka pangoni. Mwanahawa akawawekea mashoga zake wasikie, wakacheka, wakampigia vigelegele. Mtu hajamwona hata kwa video, lakini keshamtaja kwa mama yake.

Siku moja Karama akamtumia zawadi ya kanga. Kipande kimoja! Nani asiyejua kwamba kanga hutolewa doti, vipande viwili? Mwanahawa akacheka. "Wanaume hawa! Muuzaji kamlia nusu."

Zamda hakucheka. Aliigeuza kanga ile, akaona imepindwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu, pindo alilowahi kuliona kwenye kanga ya Bi Mwanamkuu. Akainuka nayo, wenzake nyuma yake, mpaka kwa mama huyo, ambaye binti yake Chausiku aliaga kwenda kuonana na mchumba wa kwenye simu, asirudi tena. Mama na mwana waligawana doti moja, na siku ya kuikata mkasi ulienda upogo. Walipoweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, upogo ukaingia kwenye upogo. Bi Mwanamkuu akakaa sakafuni.

Hapo ndipo Mwatumu akasema. "Huyu hayuko Mtwara. Nyuma ya sauti yake kuna mashine ya kusaga, ileile ya huku nje ya mji, ambayo mkanda wake hupiga mluzi ukipata moto."

Wakapeleka habari polisi. Polisi wakajua pa kuvizia, ila hawakujua wa kumkamata, maana picha aliyotuma ilikuwa ya mtu mwingine. Basi Mwanahawa akamwandikia Karama: njoo unichukue. Akaingia garini mwake mchana kweupe, akakaa ubavuni mwake akiitwa mke wangu, naye akiitika. Moyoni alikuwa bado anaomba gari lipite ile mashine. Halikupita. Likakata kona palepale, na askari wakatoka.

Uani kwake walifukuliwa wanawake watatu. Chausiku alikuwa mmoja wao. Wa mwisho, udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Arobaini ya Chausiku ilipopita, Bi Mwanamkuu akaja barazani na kisutu, kanga ya bibi harusi, alichokuwa amemwekea binti yake.

"Sina mwana tena," alisema. "Mmenirudishia maiti yangu nikaizika, na hilo silisahau. Atakayekipata hiki ndiye mwanangu, ndiye atakayeniosha siku yangu. Na msiniambie kikatwe. Nimechoka na kanga za kukatwa." Akakiweka mapajani kwa Mwanahawa. "Wewe ndiwe uliyetakiwa kufa. Amua wewe."

Mwanahawa alikuwa na neno lililomkaba siku nyingi. "Mwatumu, sauti ile nilikuwekea kila Jumapili. Mashine ukaja kuisikia siku ile tu?"

Mwatumu akaangua kilio. "Niliisikia zamani, kabla yako. Alinitongoza mimi kwanza, shoga yangu. Nilipoisikia mashine nikajua ananidanganya, nikamwacha. Ningesema vipi, na mimi nina mume? Nilidhani ni tapeli tu. Wallahi, kuua sikujua."

"Ukanipigia vigelegele."

"Nikakupigia vigelegele."

Uchungu wa Karama Mwanahawa alikuwa ameshaumeza, maana yule alikuwa mtu baki. Lakini Mwatumu ndiye aliyemsuka asubuhi ile ya kupanda gari, vidole vyake vikipita kichwani mwake, mdomo kimya. Kikulacho ki nguoni mwako, na leo Mwanahawa alikiona kwa macho.

Basi nipeni hukumu. Zamda asingekuwa na jicho, kanga ile ingekwenda kuvaliwa na mwingine baada ya Mwanahawa. Mwatumu asingekuwa na sikio, askari wasingejua pa kusimama, na Mwanahawa asingekuwa hai wa kumkasirikia. Lakini Mwatumu huyohuyo angesema mapema, yule wa udongo mbichi angekuwa nyumbani kwao. Na Mwanahawa asingekuwa na moyo, Karama angekuwa bado anatuma sauti. Ila atajivika kisutu mwenyewe mbele ya wenzake, hali mama yake mzazi yu hai? Zamda naye wa kwake yupo. Katika wote watatu, asiye na mama ni Mwatumu.

Kisutu kiko mapajani. Bi Mwanamkuu anangoja, na Mwatumu hathubutu kuinua uso. Je, ungekuwa wewe ndiwe Mwanahawa, ungemvika nani?