Arobaini ya Gari la Mzee Hoza

Jirani yetu Mama Shelukindo anadai kwamba baba yangu, Mzee Hoza, aliua injini kwa mbio. Anasema alimwona kwa macho yake kwenye barabara ya Soni, gari tupu, mara limefyatuka kama limefukuzwa na nyuki, mara limelegea kama linataka kulala. "Ndipo watu wakasema injini mpya haizoei uani," humalizia hivyo. Wasichana wanaochota maji bombani huitikia "Aaa," lakini ukiwatazama nyuso unaona hawajaelewa kitu. Mbio na uani wapi na wapi?

Jana wakaniuliza mimi. Niliwaambia watue ndoo kwanza.

Injini mpya haizoei uani. Mama Shelukindo hakusema uongo, ila aliona mwisho akadhani ni mwanzo. Methali hii ilianza hivi.

Baba ana pikapu moja ya kubebea mboga. Mwaka ule injini ilinoki ikafa, na Fundi Mbelwa akaja kuifumua na kuisuka upya hapa hapa uani kwetu, vyuma vimepangwa juu ya gunia. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya spea. Akatuambia wote, "Ikifa tena, ng'ombe wa tatu hayupo. Tutabeba karoti kwa kichwa."

Fundi alipomaliza alinawa mikono kwa mafuta ya taa akasema, "Mzee, kilomita elfu moja za mwanzo usiibebeshe mzigo mzito, usiikimbize. Zikitimia niite nimwage oili." Akasikia honi ya lori linaloshuka Mombo, akakimbilia hilo.

Baba alibaki amesimama mbele ya boneti. Usiibebeshe mzigo. Usiikimbize. Alimwuliza bibi, mama yake, na bibi hakufikiri hata kidogo.

"Kwani mwanamke aliyejifungua juzi anabebeshwa kuni? Kitu kimepasuliwa tumbo hicho, mwanangu. Kikae arobaini."

Basi gari likakaa arobaini. Bibi alilifunika boneti kwa kanga yake kuukuu. Mimi nilipewa kazi ya kuliwasha kila asubuhi, lingurume pale pale liliposimama mpaka chai iive, kisha nilizime. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka minne nyuma, na kiti kile cha dereva nilikipenda kuliko kiti chochote. Siku moja nikamwomba baba anifundishe kulitoa hadi barabarani.

"Bado, Mwajabu," akasema. "Zoea kwanza kuwasha."

Nikazoea kuwasha. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya pale kitini, nilizisoma namba za kilomita kwenye dashibodi, nikaziandika kwenye daftari langu la zamani. Kila asubuhi niliandika namba ile ile.

Siku ya arobaini bibi alipika ubwabwa. Majirani walikuja, wakala, wakalipongeza gari. Mama Shelukindo aliuliza kama mtoto amepewa jina, watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na karoti za mtaa mzima zilikuwa zimeshang'olewa na kuoshwa mtoni. Karoti ikishaoshwa haisubiri mtu. Wakapakia magunia kumi na mawili.

Gari halikumaliza kilima cha kwanza. Lilitoa moshi wa bluu mpaka waliokuwa nyuma hawakuonana, likakosa nguvu, likaanza kurudi nyuma. Baba alilishikilia kwa breki, wanaume wakashusha magunia, na gari likarudi uani likikohoa. Karoti zilikaa kando ya barabara siku mbili, zikateleza kwa kuoza.

Hapo ndipo akili zilipotuvurugika. Gari la mlevi wa mtaa wa pili, asiyejua hata oili inawekwa wapi, lilikuwa linapanda kilima kile kila siku. Letu tulilolea kama yai limekufa. Mmoja akasema ni jicho, kwa sababu ya ule ubwabwa. Mwingine akasema fundi aliweka ringi kuukuu ndani ya injini. Bibi akasema labda kanga ilikuwa na mkosi. Baba alikuwa anafungua boneti, anatazama, anafunga. Baada ya muda anafungua tena.

Fundi Mbelwa alipofika, baba hakungoja hata salamu iishe.

"Fundi, nimeikosea nini hii injini? Sikuibebesha hata fagio!"

"Imetembea kilomita ngapi, mzee?"

"Siku arobaini."

"Nimeuliza kilomita."

Baba akamtazama bibi. Bibi akatazama kuku. Mimi nikaenda ndani nikaleta daftari.

"Tatu," nikasema. "Hadi kilimani na kurudi."

Fundi alilichukua daftari, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, namba ile ile, namba ile ile. Akakaa chini kwenye gunia.

"Siku arobaini inanguruma imesimama?"

"Tuliipumzisha," bibi akasema.

"Bibi, umri wako ninauheshimu, lakini mmeiharibu kwa huruma." Akaweka kiganja kimoja ndani ya kingine, akaanza kukisukuma juu na chini. "Ringi na silinda ni wageni. Ili zishikane lazima zisukumane, na zinasukumana gari likiwa kazini. Panda kilima kidogo, ongeza mafuta, achia, teremka, ipoe. Mzigo mwepesi, mwendo usiwe mmoja. Nilisema usiikimbize, sikusema usiitembeze! Ikinguruma bure hapa, silinda inang'aa kama kioo, ringi hazishiki tena, oili inapita na kuungua. Injini mpya haizoei uani, mzee. Inazoea njiani."

Baba akauliza, kwa sauti ndogo, "Inapona?"

Kwa bahati ilipona. Fundi aliifungua tena, akazikwaruza silinda kwa jiwe zikapoteza ule mng'ao, akaweka ringi nyingine. Ng'ombe wa tatu hakuhitajika. Bibi alitoa mbuzi wake wawili, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Safari hii baba alitoka siku ile ile. Nilikaa pembeni yake na daftari. Tulikwenda Soni na kurudi, tupu, anaongeza, anaachia, anapanda, anateremka. Mama Shelukindo alitupungia mkono apande na mzigo wake wa kabichi, baba akampita. Hapo ndipo alipoliona gari linafyatuka na kulegea, na hadithi yake ikaanzia hapo.

Siku tisa tulitembea. Moshi ulipungua, kisha ukaisha. Namba ya elfu moja ilitimia tukiwa karibu na nyumbani, kwenye daraja dogo. Baba akasimamisha gari kando ya njia, akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya karoti.

"Unajua, Mwajabu," akasema, "ningeiacha pale uani mwaka mzima, bado isingezoea."

"Ndiyo, baba. Injini mpya haizoei uani."

"Kabisa."

Nilifunga daftari. Kutoka darajani hadi kwetu ni kilomita moja, na barabara ilikuwa tupu.

"Baba," nikasema, "kutoka hapa niendeshe mimi. Kuwasha nimeshazoea."

Kijiti kilikuwa kimeshakuwa safi. Akaendelea kukifuta.