Zoezi la Shimo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao na mabaraza yao, kilifanyika kikao katika Chuo cha Bonde la Matete. Tulieni, watoto, niwataje waliokuwapo mmoja mmoja, asije mtu baadaye akasema hakuwapo.

Alikuwapo Tembo, mwenyekiti wa baraza. Wengine humwita Ndovu, lakini katika daftari la chuo aliandikwa Tembo. Alikuwapo Kiboko, aliyeshika ufunguo wa ghala la mtama wa umma. Alikuwapo Nyati, msimamizi wa majengo. Alikuwapo Nguchiro, karani, ambaye akisimama wima hafiki gotini kwa Nyati. Na mlangoni alikuwapo Bi Kanga, mpishi wa chuo, jina lake la kuzaliwa Machumu. Yeye hakualikwa. Alikuja kuuliza habari za kisima.

Kila nyumba ya bondeni ilikwisha kuchanga mtama wa kuwalipa wachimbaji. Kiwanja nacho kilikuwa tayari, nyuma ya madarasa, mahali ambapo matete hayakauki hata kiangazi. Nguchiro mwenyewe alikuwa amepigilia vigingi vinne.

"Kisima kitasubiri," akasema Tembo. "Chuo chenye sifa kina jumba la mazoezi. Wenzetu wa Mlima Mweupe wanalo. Sisi tutajenga kubwa zaidi."

"Mazoezi ya nani, Mheshimiwa?" akauliza Bi Kanga.

"Ya wanafunzi. Viungo vyao vimelegea."

"Wanafunzi wetu ni digidigi, sungura na kindi. Sijamwona aliyelegea. Mimi ninachokiona ni mtungi. Kila siku nashuka mtoni mara mbili, na Mamba amelala pale pale alipomchukua dada yangu Siwema."

"Kwa Siwema tunakupa pole," akasema Kiboko. "Lakini mimi naoga mtoni kila siku, sijaona tatizo."

"Wewe, Bwana Kiboko, Mamba akikuuma atang'oka meno. Mimi ni tonge moja."

Nyati akatoa pumzi puani, pfff. "Kiwanja kipo," akasema. "Kile chenye vigingi."

Wakapiga kura. Wakubwa watatu wakakubaliana. Karani hana kura, na mpishi hana kiti.

Basi jumba likajengwa, na ghala likabaki na mtama wa kufunika sakafu tu. Ndani ya jumba mliwekwa mawe ya kunyanyua, yaliyochongwa kwa kipimo cha Tembo. Mliwekwa gurudumu kubwa la kuzungusha, lisilosaga wala kuvuta kitu. Mliwekwa na kioo cha kujitazamia. Wanafunzi waliingia siku moja. Digidigi watatu wakasukuma jiwe lililo dogo kuliko yote, halikutikisika. Wakajitazama kwenye kioo, wakatoka.

Asubuhi moja Bi Kanga akamjia Nguchiro, mtungi mtupu kichwani.

"Karani, leo amenikosa."

"Kwa kiasi gani?"

Bi Kanga akageuka. Mkiani palikuwa na pengo. "Manyoya matatu anayo yeye."

Nguchiro akafunga daftari. "Nipe siku kumi, Bi Mkubwa."

"Siku kumi ni safari ishirini, mwanangu."

"Basi nipe tano."

Akaenda moja kwa moja kwenye jumba la mazoezi. Wakubwa wote watatu walikuwa humo. Tembo alinyanyua jiwe, akaliweka. Akalinyanyua tena, akaliweka. Puu. Puu. Uso wake ulionyesha amechoka, si kwa uzito bali kwa kukosa mtazamaji. Nguchiro akatazama, akaguna.

"Unaguna nini?" akauliza Tembo.

"Si kitu, Mheshimiwa. Nimekumbuka tu lile zoezi la Mlima Mweupe."

"Zoezi gani?"

"Zoezi la shimo. Lakini ni zito. Huko wadogo kama mimi wamekatazwa hata kulisogelea."

Kiboko akaacha kujitazama kwenye kioo. "Linafanywaje?"

"Mtu anavunja sakafu, anashuka, anatoa udongo kwa kikapu. Kifua, mgongo na mapaja vinafanya kazi pamoja. Jiwe ukilinyanyua linarudi chini, na kesho hakuna anayejua kama ulilinyanyua. Shimo linabaki. Mgeni akija anaona mwenyewe: hapa aliishia Kiboko, hapa aliishia Tembo."

"Hiyo si kuchimba?" akauliza Nyati. Katika watatu hao, yeye ndiye aliyekuwa na mashaka kidogo.

Ni lazima mjue kwamba siku za msaragambo, bonde zima linapotoka kufanya kazi ya pamoja, Tembo alikuwa akituma salamu, Kiboko alikuwa akituma udhuru, na Nyati alikuwa akituma vyote viwili.

"Kuchimba ni kazi, Bwana Nyati," akasema Nguchiro. "Kazi unampa mtu akufanyie. Zoezi la shimo huwezi kumpa mtu."

Nyati akafikiri, akaona ni kweli. Akagonga sakafu kwa kwato. "Tuanzie wapi?"

Nguchiro akahesabu hatua kutoka mlangoni. Vigingi vyake alivikumbuka vizuri. "Hapa katikati."

Siku ya kwanza Nyati alivunja sakafu kwa pembe, na udongo ukaruka tifu, tifu, tifu. Siku ya pili Kiboko alitoa vikapu arobaini. Tembo akatoa arobaini na kimoja, kwa hiyo Kiboko akarudi baada ya chakula cha mchana akatoa vingine vitatu. Nguchiro aliandika majina yao ukutani kwa chokaa, kila jina mbele ya kina alichofika mwenyewe.

"Yaandike kamili," akaagiza Tembo.

"Kamili, Mheshimiwa."

Shimo likawa pana, lenye mteremko upande mmoja ili Tembo aweze kupanda. Siku ya tatu wakakuta mwamba, na Kiboko akaketi.

"Mimi basi," akasema. "Mgongo wangu unatosha."

"Vema," akasema Nguchiro, akachukua chokaa. "Naandika: Kiboko aliishia kwenye mwamba."

"Ngoja kwanza. Nani kakwambia nimeishia?"

Siku ya nne mwamba ukapasuka, na udongo ukaanza kutoka na unyevu. Bi Kanga alipita mlangoni na mtungi wake, akitoka mtoni, akachungulia. Pengo la mkiani lilikuwa limeongezeka.

Siku ya tano, jua lilipokuwa utosini, Kiboko alikita jembe, na udongo ukateleza chini ya miguu yake. Chubwi!

Maji yalimfika tumboni, na yalikuwa yakipanda.

"Zoezi hili lina bwawa pia," akasema Kiboko kwa furaha.

Nyati akatazama maji, akatazama ukuta, akamtazama karani.

"Nguchiro. Hiki ni kisima."

"Ndiyo, Bwana Nyati."

"Umetuchimbisha kisima."

"Mmechimba wenyewe. Majina yenu yako ukutani, kamili."

Tembo akafungua kinywa akemee. Lakini mlangoni walikuwa wamejipanga wanafunzi wote, kila mmoja na kibuyu chake, na mbele yao Bi Kanga na mtungi. Wote waliinamisha vichwa.

"Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti," wakasema.

Tembo akafunga kinywa. Masikio yakapepea.

"Baraza," akasema hatimaye, "liliona mbali."

Nguchiro akaliandika hilo katika daftari, neno kwa neno. Nyati akapita kando yake akamnong'oneza, "Siku moja nitakukanyaga," kisha akashuka kumsaidia Bi Kanga kupandisha mtungi.

Mawe ya kunyanyua yaliwekwa ukingoni mwa kisima, udongo usiporomoke. Gurudumu halijapata kazi mpaka leo. Ghala lilichukua mavuno matatu kujaa tena, na wakati huo wote nyumba za bondeni zilikula mlo mmoja kwa siku, pamoja na zile ambazo hazikuulizwa kama zinataka jumba.

Funzo lake ni hili: aliyeshika mali ya wote aanze na kiu ya wote.

Bi Kanga, yaani Machumu, alikufa miaka tisa baadaye, kitandani mwake, kwa uzee.