Usiku wa Kumi wa Nyamizi

Nyamizi, mchuuzi wa vitenge, alikuwa amelala gesti ya Mzee Kimweri mara tisa, kadi yake ina mihuri tisa, maana mteja mwaminifu anayepiga simu mwenyewe bila dalali aliahidiwa usiku wa kumi bure. Alasiri moja akafika na mvua, mtoto wake anachemka homa, akaiweka kadi mezani kudai usiku wake wa bure.

"Tumejaa, mwanangu," alisema Mzee Kimweri. "Ila uaminifu wako tunauthamini sana."

"Ahsante, mzee." Akatoka barazani.

Punde simu ya mapokezi ikaita, sauti ya puani ikauliza, "Mna chumba leo, au nimwachie dalali anitafutie?"

"Dalali wa nini, mama? Vipo vitano vitupu, nakuwekea kimoja sasa hivi. Niandike jina gani?"

Nyamizi akaingia, simu sikioni, mtoto mgongoni.

"La kwenye kadi, mzee. La yule unayemthamini sana."