Tangazo la Ndani ya Geti

Sogeeni, na anayetaka hadithi ya kuchekesha aende kwa mwingine. Leo sina.

Katika mtaa wa Ngozini waliishi watu watatu wa kukumbukwa: Mwashamba aliyejaliwa ulimi, Kilua aliyejaliwa macho, na Otaigo aliyejaliwa kichwa kigumu. Wote walichota maji kwenye kijito kimoja, chini ya kiwanda cha ngozi.

Mwashamba alionja chai yake akaitema. "Maji haya yana dawa," alisema. Majirani wakamtania kwamba ana mimba. Hakucheka, maana alikuwa ametoka kumzika mwanawe Sudi. Akasikia kwamba sheria inakitaka kila kiwanda kitangaze hadharani sumu kinayomwaga, akaenda kuuliza.

Getini alimkuta Kilua, mlinzi.

"Kaka Kilua, tangazo la sumu liko wapi?"

"Lipo, dada. Limebandikwa huku ndani."

"Na huko ndani nani analisoma?"

"Mimi na mbwa."

Kilua alicheka, kisha akawakumbuka watoto wake pacha, kwani nao walikunywa maji yale. Akamfungulia geti, akamwonyesha karatasi ilipo. Jioni hakuwa tena na kazi.

Mwashamba akampelekea habari Otaigo, aliyekuwa mkaguzi wa mazingira. Wakubwa wake walimwambia tangazo lipo, sheria imetimizwa, aachane nalo. "Tangazo lisiloonwa na watu ni siri," akawajibu, akakishtaki kiwanda. Wakamfukuza kesi ikiwa katikati, mkewe akiwa mjamzito. Akaimaliza akiwa raia wa kawaida.

Wakashinda! Hakimu aliamuru tangazo litoke nje, na mfichuaji apewe tuzo: nyumba mlimani, yenye bomba la maji safi. Nyumba moja, mfichuaji mmoja. "Nani huyo, mtakubaliana wenyewe," alisema.

"Na sumu, mheshimiwa?" Mwashamba aliuliza.

"Mama, kesi iliyoletwa hapa ni ya kutotangaza. Sasa watatangaza."

Na kweli wanatangaza. Kila asubuhi tangazo jipya linabandikwa kando ya barabara, kwa herufi kubwa. Akina mama wanalisoma lote, halafu wanateremka kuchota, kwa kuwa maji mengine hayapo.

Sasa binti wa Mwashamba, mtoto pekee aliyembakia, ameanza kutapika kama alivyoanza Sudi. Pacha wa Kilua wanababuka ngozi. Mke wa Otaigo anakaribia kujifungua. Mara ngapi Mwashamba ametaka kusema "nipeni mimi", akalimeza neno na kujichukia! Anajua bila Kilua asingeliona tangazo, na bila Otaigo kusingekuwa na kesi. Anajua pia kwamba bila yeye hakuna ambaye angeuliza. Watatu hao wakikutana kijitoni siku hizi hawasalimiani.

Nyumba ya mlimani bado imefungwa. Msinitazame mimi, nimelifikiria hili hadi kichwa kinaniuma. Je, wewe ungempa nani ufunguo? Na wale wawili wengine, ungewatazama usoni uwaambie nini?