Wawindaji wa Mtama wa Bibi Mbeleje

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Itikieni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Haki ya Mungu, haki ya mama aliyenizaa, neno moja hapa likiwa la uongo, moto huu uniunguze ndevu. Hapo zamani za kale, kule Ugogo, mtama uliota hata shuke moja likawa kubwa kama kichwa cha fahali. Mwezi wenyewe ukipita juu ya shamba unanyanyua miguu.

Shamba hilo lilikuwa la Bibi Mbeleje, mjane, na hakuwa na chakula kingine cha mwaka mzima. Asubuhi moja akakuta kulungu amekula mashuke matatu. Akamwita Chilongani, mwindaji mwenye mkuki mrefu hivi: mpini uko juani, ncha inanyeshewa mvua. Na desturi ya huko, anayewinda shambani hulishwa na shamba hilo mpaka aue.

Chilongani akauacha mkuki chini, akapanda dunguni kulinda. Dungu lenyewe refu, ukidondosha kibuyu asubuhi, kinafika chini adhuhuri. Akala, akanywa, akalala. Kulipokucha akasema, "Bibi, leo sijamwona. Kesho simkosi."

Kesho yake akaleta mtu wa kumnolea mkuki. Wakala, wakanywa, wakalala. "Bibi, leo sijamwona. Kesho simkosi."

Keshokutwa yake akaja na mtu wa kumsifu akishaua, na mchuna ngozi, na mashemeji wa mchuna ngozi. Nyama bado inatembea porini, wao wanagombania paja. Bibi akakata mtama, akasaga, akapika, mgongo ukapinda kama upinde. Alipouliza kulikoni, akaambiwa wanawake hawajui mambo ya kuwinda. "Bibi, leo sijamwona. Kesho simkosi."

Ikabaki kona moja tu ya mtama. Ndipo kulungu akaja mwenyewe, mchana kweupe. Akatazama huku, mabua. Akatazama huku, mabua. Akagonga mguu wa dungu kwa pembe, Bibi akatokea.

"Shikamoo, bibi. Mtama uko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeliwa na wanaokuwinda wewe."

Kulungu akasikitika. "Mimi nilikula matatu, nikaona haya, nikaenda zangu. Hawa hawakufunzwa na mama zao?"

Juu kule Chilongani akafumbua jicho moja. "Bibi, nani huyo?"

"Mgeni tu. Lala, baba."

Akalala. Bibi akaondoa ngazi ya dungu, wote wakiwa juu. Ule mkuki akaukata kuni, akapikia mwaka mzima. Ile kona akampa kulungu ailinde, ujira mashuke matatu, na ikajaza kihenge mpaka mfuniko ukainuka.

Njaa ilipowauma, wale wa dunguni wakaita. Bibi akainua uso, akawajibu taratibu: "Leo sijapika, wanangu. Kesho sikosi."

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini. Ila nawaombeni, asiirudie mtu, hasa karibu na mashamba. Kulungu wakisikia watakuja kudai dungu, na sisi wawindaji tutakula wapi?