Basi Hicho ni cha Nazi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Tuambie wewe!

Pakawa kiangazi, na shamba la minazi, na mwenye shamba mwenye pupa. Mnataka kicheko?

— Tunataka!

Leo sina. Kaeni hivyo hivyo msikilize.

Mwenye shamba alikuwa Nyani, bwana wa mabavu. Mihogo ilikuwa imekauka, mtama umekauka, chakula kilichobaki kwake ni nazi tu. Lakini alikuwa amesikia kwamba ndani ya nazi fulani mna lulu, na atakayeitia mdomoni hashikwi na njaa tena mpaka kufa. Tangu asikie hayo, Nyani akawa hasemeki.

"Nikiiona nitaijuaje?" alimwuliza jirani yake Panya, aliyekaa shimoni chini ya mnazi.

"Kwanza tujue nazi yenyewe ina nini ndani," Panya alisema. "Wewe gonga. Mimi nitachora hapa mchangani kila kitu cha nazi, na vya nazi nitakuondolea, visikuzonge. Kitakachobaki nje ya picha ndicho kigeni, chukua wewe."

Nyani akaona kweli amepata jirani.

Mkewe akaja mbio. "Baba watoto, weka pembeni hata moja, usiiguse!"

"Na kama lulu imo humo humo?"

Mkewe akarudi jikoni kusikokuwa na moto.

Nyani akashika nazi mbili, moja huku, moja huku, akazigonganisha. Kwa! Maji chururu.

"Yametoka wapi?" akauliza Panya.

"Kwenye nazi."

"Basi hayo ni ya nazi." Akachora, akayanywa.

Kwa! Nyama nyeupe.

"Imetoka wapi?"

"Kwenye nazi."

"Basi hiyo ni ya nazi." Akachora, akaiburuta shimoni, kuru kuru kuru.

Kwa! Joya, lile bonge la ndani ya nazi iliyoanza kuota, laini, tamu. Mate yakamtoka Nyani.

"Limetoka wapi?"

"Kwenye nazi."

"Basi hilo ni la nazi." Kuru kuru kuru.

Kwa! Kwa! Kwa! Shamba likawa vifuu vitupu. Mara kikaanguka kitu cha duara, cheupe, kinang'aa. Moyo wa Nyani ukaruka.

"Kimetoka wapi?"

Nyani akatazama kifuu mkononi. Angesema nini? "Kwenye nazi."

"Basi hicho ni cha nazi." Panya akachora kiduara katikati ya picha. Kuru kuru kuru, shimoni.

Nazi zikaisha. Nje ya picha hapakubaki kitu. Nyani akaiinamia ile picha mpaka macho yakamuuma. Ilikuwa nzuri, haikukosa hata uzi. Ndipo akakumbuka: amekula nazi tangu utotoni, na jino lake halijawahi kugonga kiduara.

Akatumbukiza mkono shimoni, ukakwama kwenye kiwiko. "Panya! Kile si cha nazi!"

"Huenda," ikajibu sauti ya mwenye kitu mdomoni. "Niletee nazi moja nzima, tuipasue tuone. Ikikosa kiduara, nakurudishia chako."

Nyani akatazama juu. Makuti matupu. Akatazama jikoni, mkewe alikuwa anawabembeleza watoto walale na njaa yao. Akalia, jamani. Alilia kilio cha mtu asiye na wa kumlaumu.

Hadithi naiweka chini hapo, atakayeiokota asiigonge.

Na funzo lake, wanangu: ukitafuta jambo, tafuta mpaka mwisho, usibakize hata kidogo. Hilo nimefundishwa na Panya, na yeye hajaona njaa tangu siku ile.