Mshona Lumbesa na Mizani ya Kijiji

Sogeeni karibu, niwape kesi ambayo mimi imenishinda kuamua.

Katika kijiji kimoja cha viazi, huko nyanda za juu kwenye baridi, waliishi watu watatu. Tumwitike alijaliwa ulimi. Hata mkwe mwenye kinyongo alimbembeleza akacheka. Ngailo alijaliwa moyo mgumu. Akisema hapana, basi ni hapana. Atuganile alijaliwa mikono. Hakuna aliyeshona lumbesa kama yeye. Mnaijua lumbesa? Gunia linajazwa pomoni, linaongezwa viazi juu na kushonewa kamba kama kilemba, kisha dalali anamlipa mkulima gunia moja tu. Atuganile hakuwa na shamba. Shazia, ile sindano ya magunia, ndiyo iliyowalisha wanawe.

Wakulima walipochoka kuibiwa mchana kweupe, wakataka serikali ipitishe kanuni za kuuza mazao kwa mizani. Tumwitike akamfuata Atuganile.

"Dada, weka shazia chini. Kanuni zikipita tutaletewa mizani, na msimamizi utakuwa wewe. Ngailo huyu hapa ni shahidi."

Ngailo akaitikia kwa kichwa. Atuganile akawaamini.

Ngailo akagoma kuuza kwa lumbesa. Viazi vikamchipulia ghalani, mkewe akanuna, yeye akashikilia hapo hapo, hadi wenzake wakaona haya wakagoma naye. Malori ya madalali yakaondoka matupu.

Tumwitike akashinda kwenye ofisi za wilaya. Alifukuzwa mlango huu akaingia ule, mpaka kamati ya wilaya ikakubali kuja kijijini.

Kamati ilipofika, madalali wakakana kila kitu. Ndipo Atuganile aliposimama, akakata kamba za gunia alilolishona mwenyewe, akamimina kilemba chote kwenye gunia tupu. Likakaribia kujaa nusu.

"Hivi ndivyo nilivyofanya miaka yote," akasema. Aibu ilimjaa, lakini alisema.

Kanuni zikaidhinishwa. Afisa akazisoma mkutanoni huku vigelegele vikipigwa, akafika kwenye kifungu kimoja: aliyewahi kushona lumbesa haruhusiwi kusimamia mizani.

Atuganile akamgeukia Tumwitike. "Kaka, hiki kimetoka wapi?"

"Nilikikubali mimi," akajibu, macho chini. "Baada ya ushahidi wako, kamati ilisema bila hicho haipitishi. Ningefanyaje?"

"Na wewe Ngailo, ulijua?"

"Nilijua. Viazi vyangu vilikuwa vinaoza, Atuganile."

Ilimuuma kuliko matusi yote ya madalali. Hao hakuwahi kuwaamini.

Afisa akasema kifungu kinaweza kuondolewa, ila kanuni zote zitarudi kupitiwa upya, na viazi vya msimu huu, ambavyo bado viko ardhini, vitauzwa kwa lumbesa. Mkutano ukagawanyika. Wengine wakamtaka Tumwitike asimamie mizani, kwa kuwa bila ulimi wake kamati isingekuja. Wengine wakasema Ngailo, aliyepoteza mavuno yake yote. Mama mmoja akasema kifungu kiondolewe, mizani apewe Atuganile. Waliomzunguka wakaangalia pembeni.

"Ile kamba niliikata kwa sababu mliniahidi," Atuganile akawaambia wenzake wawili.

Mwenyekiti akaomba watu wanyooshe mikono. Je, wewe ungeamua vipi? Na kama unasema Atuganile, je, ungesema hivyo hivyo viazi vilivyo ardhini vingekuwa vyako?